Nyaya Zisizoonekana: Habari ya Hatari ya Eropleni Zirukazo Chini



Habari ya leo ni ya kitu chembamba kuliko kidole cha mtoto, ambacho kimeangusha eropleni katika nchi nyingi na kuua watu hodari waliojua sana kazi yao. Kitu hicho ni waya. Sisemi waya wa miiba uliotandazwa vitani, wala waya wa mtego wa wanyama. Nasema waya wa kawaida tu, wa simu au wa umeme, upitao juu ya mashamba kutoka nguzo hata nguzo, ambao kila siku mwawaona mbayuwayu wamejipanga juu yake kama shanga. Mtu aendaye kwa miguu hana haja ya kuuangalia. Lakini rubani arukaye chini chini kwa eropleni ndogo ana sababu ya kuuogopa kuliko tufani. Wingu la tufani huonekana toka mbali, naye aweza kuligeukia kisogo; waya hauonekani hata uwe mbele ya pua.

Kabla sijaendelea, nieleze neno moja. Siku hizi watu wengi huiita eropleni "ndege", nami sikatai. Lakini katika habari hii watatokea pia ndege wenye manyoya, tena wana sehemu kubwa katika kisa chenyewe. Kwa hiyo nitashika neno la zamani, eropleni, tusije tukachanganya.

Tarehe 23 Januari, mwaka wa 1954, eropleni ndogo aina ya Cessna 180 ilikuwa ikiruka katika nchi ya Uganda, penye maporomoko ya Murchison. Ndani yake walikuwamo watu watatu: rubani, jina lake Roy Marsh, na Mmarekani Ernest Hemingway, mwandishi wa vitabu aliyejulikana duniani kote, na mkewe Mary. Safari ile ilikuwa zawadi ya Krismasi ambayo bwana alimpa bibi, apate kuiona Afrika kutoka juu. Walikuwa wametoka Nairobi siku chache kabla, wakapita nchi nyingi, hata siku ile wakafika mto Naili. Watu waliofika Murchison wajua jinsi palivyo: mto wote mkubwa hujibana katika ufa wa mwamba wenye upana wa futi 20 na kitu tu, kisha huanguka chini futi zaidi ya 130, kwa kishindo na moshi wa maji. Ni pahali pazuri pa kupiga picha, na picha ndiyo iliyowapeleka chini.

Rubani alizunguka juu ya maporomoko. Mara kundi la ndege wa jamii ya kwarara likakatiza mbele yake, naye akateremsha eropleni ili kuwakwepa. Wala hakufanya vibaya kuwaogopa. Miaka mitano baadaye, tarehe 10 Januari 1959, Mjerumani kijana Michael Grzimek, ambaye pamoja na baba yake alikuwa akiwahesabu wanyama wa Serengeti kwa eropleni iliyopakwa milia kama punda milia, aligongana na tumbusi mmoja tu, eropleni ikaanguka, naye akafa. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Basi Marsh aliwakwepa ndege, akawaepuka wote. Lakini pale chini palikuwa na waya wa simu ya zamani uliovuka pahali pale, waya ulioachwa, usiopeleka tena habari za mtu yeyote. Eropleni ikaupiga. Ikaumia isiweze kuendelea, na rubani akaishusha vichakani kama alivyoweza.

Wote watatu walitoka hai, ila bibi alikuwa amevunjika mbavu. Wakalala porini kando ya mto, tembo wakipita karibu. Eropleni kubwa ya abiria iliyopita juu iliyaona mabaki, isiwaone watu, na magazeti ya dunia yakatangaza kwamba Hemingway amekufa. Kumbe siku ya pili walichukuliwa na boti hata Butiaba, kando ya Ziwa Albert. Huko walipandishwa katika eropleni nyingine, nayo ilipokuwa ikijaribu kuondoka ikaanguka na kuwaka moto. Katika ajali hiyo ya pili Hemingway aliumia vibaya kichwani na tumboni, lakini hakufa, hata akapata kuzisoma kwa macho yake habari za kifo chake mwenyewe. Mwaka ule ule alitunukiwa tuzo ya Nobel ya uandishi, asiweze kusafiri mpaka Stockholm kwenda kuipokea.

Sikukileta kisa hiki kwa sababu ya umaarufu wa mtu. Nimekileta kwa kuwa ndani yake yamo karibu mambo yote ya hatari ninayotaka kuieleza. Eropleni ilikuwa chini. Macho ya rubani yalikuwa yameshikwa na kitu kingine. Waya ulikuwa umevuka penye bonde la mto. Tena ulikuwa waya mfu, ambao hakuna fundi aliyeutazama wala sababu ya kumkumbusha mtu kwamba upo. Waya usio na umeme huua sawasawa na wenye umeme.

Sasa mtaniuliza: Je, rubani hana macho? Anayo, na kwa kawaida ni mazuri, maana hupimwa na daktari. Lakini jicho lina desturi zake, nazo inafaa kuzijua.

Jaribuni jambo hili wenyewe, ninyi wanafunzi. Chukueni uzi mrefu wa rangi ya kijivu, ufungeni baina ya miti miwili, juu ya vichwa vyenu. Simameni chini yake mtazame mbinguni: mtauona bila taabu, hata mkirudi nyuma hatua nyingi, kwa maana mstari wenye giza juu ya anga lenye mwanga huonekana hata uwe mwembamba mno. Kisha pandeni kilimani, au juu ya mti mwingine, mtazame uzi ule ule kutoka juu, nyuma yake pakiwa na vichaka na majani. Utapotea. Haukupungua unene, ila sasa nyuma yake pana matawi elfu na vivuli elfu, na wenyewe umekuwa mstari mmoja katika mistari mingi, kama nyoka wa kijani katika majani mabichi. Basi sisi tutembeao chini huutazama waya tukiwa tumeelekeza macho mbinguni, tukadhani ni kitu cha wazi. Rubani huutazama kutoka juu, au sawa na urefu wake. Twasema habari ya waya mmoja, lakini yeye haoni tuonacho sisi.

Tena waya hubadilika kwa umri. Shaba mpya hung'aa. Baada ya miaka ya jua na mvua huwa na rangi ya majani makavu au kijani kibichi. Madini meupe ya nyaya za umeme nayo hufifia yakawa na rangi ya wingu. Jua pia lina mambo yake. Rubani aweza kuja asubuhi, jua likiwa nyuma yake, akauona waya uking'aa. Kisha akarudi kwa njia ile ile saa moja baadaye, jua likimpiga usoni, asiuone hata kidogo.

Liko jambo la ajabu zaidi, nalo ni la macho mawili. Mungu ametupa macho mawili yaliyo mbali kidogo, moja na jingine. Jicho la kuume huona kitu kutoka upande wake, na la kushoto kutoka upande wake. Akili huzilinganisha picha hizo mbili, na kwa tofauti yake hujua kitu kiko mbali kiasi gani. Fumba jicho moja ujaribu kutia uzi katika tundu la sindano, utaona ninavyosema. Basi waya uliolala kwa mapana, kutoka kushoto hata kuume, hauna fundo wala alama. Jicho la kuume laona mstari, jicho la kushoto laona mstari ule ule, wala hakuna tofauti ya kulinganisha. Kwa hiyo hata rubani aliyeuona waya hawezi kujua kama uko yadi 50 au yadi 300. Mkitaka kuhakikisha, rudini kwenye uzi wenu. Funikeni ncha zake zisionekane, mtu asimame mbele yake na akisie umbali, atakosea. Kisha fungeni kitambaa kidogo katikati, naye atajua mara moja. Likumbukeni jambo hilo la kitambaa, tutalirudia.

Na la mwisho katika habari ya macho: jicho huvutwa na kitu kiendacho. Sungura akikimbia huonekana, akituama, wampita. Eropleni ikienda mbele, vitu vyote vya chini huonekana vikisogea, vingine vikishuka na kupita chini ya mabawa, vingine vikipanda. Lakini kitu ambacho eropleni yakiendea hasa hakisogei mbele ya macho ya rubani. Kinatulia pale pale katika kioo, kikizidi kukua kidogo kidogo. Na waya haukui kwa namna ya kuonekana. Ule ambao ungepita chini ungeonekana ukiteremka. Ule utakaokata bawa umetulia tuli.

Sasa tuhesabu mwendo. Eropleni ndogo ikienda maili 100 kwa saa, hupita futi 147 kwa kila sekunde. Kiwanja cha mpira, toka goli hata goli, hupita kwa muda wa kutamka "moja, mbili". Wakuu wa usafiri wa anga katika Marekani, katika mafundisho yao ya kuepuka kugongana angani, huhesabu hivi: sehemu moja ya kumi ya sekunde kukiona kitu, sekunde moja kukitambua, sekunde tano kufahamu kwamba mtagongana, sekunde nne kukata shauri, karibu nusu ya sekunde mkono kutenda, na sekunde mbili eropleni yenyewe kuanza kutii. Jumla ni sekunde 12 na nusu. Hesabu hiyo ni ya eropleni mbili zinazokutana, wala si ya waya, lakini tuitumie. Kwa mwendo wa maili 100, sekunde hizo ni zaidi ya futi 1,800, yaani zaidi kidogo ya thuluthi ya maili. Ni nani awezaye kuona waya wa simu kwa umbali wa thuluthi ya maili, vichaka vikiwa nyuma yake? Hata tukisema rubani yuko tayari, mkono wake u juu ya usukani, na anahitaji sekunde tatu tu, bado lazima auone akiwa yadi 150 mbali. Mara nyingi haiwezekani.

Kwa sababu hiyo marubani wenye maarifa hawautafuti waya. Hutafuta nguzo. Nguzo ni nene, ina kivuli, mara nyingine chini yake pamefyekwa njia ya mafundi ipitayo msituni kama barabara nyembamba. Mkiona nguzo mbili, waya upo, hata usipouona. Mkiona nyumba peke yake shambani yenye taa za umeme, waya umefika kwa njia fulani, tafuteni ulikotoka. Na ikiwa hapana budi kuuvuka waya, rubani hupita juu ya nguzo yenyewe, si katikati ya nguzo mbili. Atauliza mtu: kwa nini asipite katikati, ambapo waya umelegea na kuteremka? Kwa sababu katikati hajui waya uko wapi, na juu ya nguzo anajua kwamba hapana kitu kilicho juu zaidi.

Penye minara mikubwa ya chuma ichukuayo umeme wa nguvu nyingi, pana mtego mmoja ulioua wengi. Nyaya zenyewe za umeme ni nene, nazo huonekana. Lakini juu yake, kileleni kabisa mwa mnara, hupita waya mwingine mwembamba zaidi, usio na kazi ya kupeleka umeme. Kazi yake ni kupokea radi na kuipeleka ardhini, zile nene zisipigwe. Rubani aziona nyaya nene, apandisha eropleni, azivuka kwa raha, na moyo wake watulia. Hapo ndipo apatapo kugongana na ule mwembamba uliokuwa juu yake.

Mabondeni hatari huzidi. Katika nchi ya milima waya huweza kuvuka toka kilima hata kilima bila nguzo katikati, na nguzo za pande mbili zimesimama ndani ya miti. Mtu apitaye bondeni kwa eropleni, akifuata mto chini ya mawingu mabaya, yuko katika mfereji ambao umefungwa kamba. Milingoti ya redio nayo ina nyaya zake za kuishikilia isianguke, nazo hutanuka mbali pande zote kama kamba za hema. Mlingoti huonekana, kamba hazionekani, na rubani apitaye karibu na mlingoti kwa kuutazama hugongwa na kile asichokitazama. Nasema haya nikijua kwamba mlingoti wa namna hiyo ndio uletao sauti ya redio nyumbani kwenu.

Yawezekana mtu akasema, "Shida yote ni kutojua. Rubani apewe ramani yenye nyaya zote, basi." Ramani ni njema, lakini haitoshi. Kwanza nyaya huongezeka upesi. Katika Tanzania, tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka wa 2007, vijiji vingi vilivyokuwa na giza vimepata umeme, jambo la kushukuriwa sana, lakini rubani hawezi tena kusema, "Nalijua bonde hili, nilipita mwaka juzi." Pili, na hili ni zito zaidi, kujua peke yake hakuokoi. Katika Australia wachunguzi wa ajali walizitazama ajali za nyaya 180 zilizotokea tangu 2001 hata 2010, na 100 kati yake zilikuwa za eropleni za kazi ya mashamba. Waliona kwamba marubani wengi, kama 63 katika kila 100, walikuwa wakijua waya upo kabla hawajaupiga.

Jambo hili lilinishangaza nilipolisoma mara ya kwanza, na baadaye nikaona si ajabu. Fikirini kazi ya mtu anyunyizaye dawa shambani kwa eropleni. Huruka futi chache tu juu ya mimea, huenda mpaka mwisho wa shamba, hupanda, hugeuka, hurudi katika mstari wa pili, kama mkulima alimaye kwa plau. Asubuhi ameuona waya, ameutia moyoni. Mara 40 amepita juu yake. Mara ya 41 upepo umebadilika, dawa yapeperuka kwenda shamba la jirani, dawa yenyewe yakaribia kwisha, na jua limeanza kumpiga usoni. Akili ya mtu ni kama taa ya mkononi: ikimulika hapa, pale pamekuwa giza. Ameusahau waya kwa sekunde tatu tu, na hizo zatosha. Kwa hiyo wenye busara katika kazi hiyo huupita waya kwa utaratibu ule ule kila mara, na jambo lolote jipya likitokea, hupanda juu kwanza, ndipo walifikiri.

Kwa kawaida eropleni ndogo hazina ruhusa ya kushuka chini mno. Sheria za mataifa ya usafiri wa anga zataka eropleni irukayo kwa kuangalia kwa macho isiwe chini ya futi 500 juu ya nchi au maji, na juu ya miji iwe futi 1,000 juu ya kilicho kirefu kuliko vyote hapo karibu, isipokuwa ikiondoka au ikitua, au ikiwa na ruhusa. Futi 500 hupita juu ya nyaya karibu zote. Lakini ziko kazi zisizofanyika juu. Kunyunyiza dawa ni mojawapo, kazi iliyoanza katika Ohio, Marekani, mwezi wa Agosti 1921, walipomwaga unga wa sumu juu ya shamba la miti lililoliwa na viwavi. Mwaka wa 2020, makundi ya nzige wa jangwani yalipoifunika Kenya, Uhabeshi na Somalia, ni eropleni zirukazo chini zilizowanyunyizia dawa. Ziko pia kazi za kuhesabu wanyama, kutafuta majangili, kukagua nyaya zenyewe kwa helikopta, na kupeleka daktari katika viwanja vidogo vya majani ambavyo mwisho wake pana nguzo ya simu. Watu hao hawarukii chini kwa mchezo. Wako wafanyao kwa mchezo pia, wapitao juu ya nyumba za rafiki zao ili kuwapungia mkono. Na hao sina la kuwatetea.

Waya ukishikwa na eropleni, huwaje? Yategemea umeshika wapi. Rafadha ikiupiga waya mwembamba wa shaba, huweza kuukata, na rubani akaenda zake akitetemeka. Waya wa chuma haukatiki kwa urahisi. Ukiyashika magurudumu, pua huvutwa chini, na eropleni huanguka kama mtu aliyekwazwa na mzizi. Ukilishika bawa moja, upande huo husimama na upande wa pili huendelea, eropleni yageuka, na kwa kuwa ardhi i karibu, hapana nafasi ya kuinyosha tena. Wengi hudhani rubani huuawa na umeme. Mara nyingi sivyo. Eropleni iliyo angani ni kama mbayuwayu juu ya waya: umeme hauna njia ya kupitia mwilini mwake kwenda ardhini. Ikiunganisha nyaya mbili hutokea cheche kubwa mno, ni kweli. Lakini kiuacho ni kuanguka.

Waya umewahi kufanywa silaha kwa kusudi. Katika Vita Kuu ya Pili, Waingereza walipandisha juu ya London na miji mingine maputo makubwa yaliyofungwa kwa kamba za chuma, ili eropleni za adui zisithubutu kushuka chini. Mwaka wa 1944 kamba hizo ziliyanasa zaidi ya 200 ya yale mabomu yenye mabawa yaliyojiendesha bila mtu. Na kwa kuwa kila ngao hutafutiwa mkuki, baadhi ya eropleni za mabomu zilitiwa visu katika mabawa vya kukatia kamba za namna hiyo. Fikra hiyo ilirudi baadaye kwa amani. Katika miaka ya 1970 huko Kanada ilibuniwa mikasi ya chuma iwekwayo juu na chini ya helikopta, ambayo waya ukiteleza juu ya kioo huingia kinywani mwake na kukatwa. Eropleni nyingi za kunyunyiza dawa zina chuma chenye makali mbele ya kioo, na kamba ngumu itokayo juu ya kichwa cha rubani hata mkiani, ili waya uteleze upite juu usinase. Vyombo hivyo vimeokoa watu. Lakini havina faida waya ukipiga pembeni mwa bawa, wala havikati kila unene.

Sasa nirudi kwenye kile kitambaa chenu. Penye njia za eropleni, au nyaya zivukapo mito na mabonde, hutungikwa mipira mikubwa ya rangi ya machungwa, nyekundu au nyeupe. Wengine huidhani pambo, na nimesikia mzee mmoja akisema imewekwa kuwatisha kunguru. Kanuni za mataifa zataka mpira usiwe na upana chini ya sentimeta 60, na mipira ya kiasi hicho isipitane zaidi ya meta 30. Kazi yake ni ile ya kitambaa katika uzi: kuyapa macho mawili kitu cha kushika. Mtu auharibuye mpira huo kwa kuupiga mawe au bunduki ameondoa macho ya rubani.

Ninyi mkaao vijijini mwaweza kusaidia kuliko mnavyodhani. Mkivusha waya wenu wenyewe bondeni, wa kuvutia kivuko au wa kupitishia mizigo, mpeni habari mkuu wa kijiji, hasa kama pana kiwanja cha eropleni karibu, na fungeni vitu vya rangi juu yake. Mkiona waya wa zamani ulioachwa, nguzo moja imelala na nyingine imesimama, semeni, uondolewe. Rubani akitua kwenu, akauliza kuna nyaya wapi, msimjibu kwa kidole tu. Mpelekeni mwende mkatazame pamoja.

Na ikiwa eropleni imekwisha kupiga waya na kuanguka, msikimbilie. Najua ni vigumu kusimama mbali mtu akilia. Lakini waya wa umeme ulioanguka huutawanya umeme ardhini kama maji yaliyomwagwa: pale pale ni mwingi, na kadiri uendavyo mbali hupungua. Mtu apigaye hatua ndefu akaweka mguu mmoja penye umeme mwingi na mwingine penye kidogo, umeme hupanda mguu huu na kushuka ule. Ng'ombe, kwa kuwa miguu yake ya mbele na ya nyuma i mbali, hufa upesi kuliko mtu. Wataalamu huagiza watu wakae mbali angalau meta 10. Mimi nasema fanyeni 30. Msiuguse waya kwa fimbo hata ikiwa kavu. Wala msiseme umekufa kwa kuwa hautoi cheche, maana mitambo mingine hujaribu yenyewe kurudisha umeme baada ya sekunde chache. Mmoja akimbilie simu kuwaita watu wa umeme waukate, wengine wawazuie watoto na mifugo.

Waliomo ndani ya eropleni waambieni kwa sauti kuu wakae humo humo, wasitoke, mpaka umeme ukatwe. Moto ukiwaka na hawana budi kutoka, waruke mbali, miguu yote miwili pamoja, wala wasiishike eropleni kwa mkono huku miguu imegusa ardhi. Kisha wasikimbie. Waende kwa kuburura nyayo kidogo kidogo, zikiwa zimegusana, mpaka wawafikie ninyi mlio mbali.